Mjane wa Kahawia: Mwongozo Kamili wa Kumtambua Buibui Mwenye Sumu Majumbani Tanga

Katika nyumba nyingi za Tanga, iwe Ngamiani, Chumbageni au Mikanjuni, buibui anayekimbiza watu ni yule mkubwa bapa wa ukutani, ambaye miguu yake ikitandazwa inajaa kiganja. Akichomoza usiku nyuma ya kabati, kandambili zinaruka. Wakati huohuo, chini ya kiti cha plastiki kilichoko barazani, kilekile anachokalia babu kila baada ya swala ya alasiri, huenda ametulia buibui wa kahawia mwenye mwili mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na hakuna anayehangaika naye. Huyo mdogo ndiye wa kumjua. Yule wa ukutani anakula mende wako bure, mwache.

Jina la kitaalamu la huyo mdogo ni Latrodectus geometricus, na humu nitamwita mjane wa kahawia. Mtaalamu wa Kijerumani Carl Ludwig Koch ndiye aliyemwandika kisayansi mwaka 1841. Ni ndugu wa mjane mweusi anayeogopwa Marekani na Afrika Kusini, ila yeye amezagaa zaidi: husafiri kwenye mizigo, kwenye magari na chini ya samani, na leo yuko karibu kila pembe ya dunia yenye joto. Florida alionekana mwaka 1935, Japani mwaka 1995. Mji kama wetu, wenye bandari, malori na joto la mwaka mzima, unamfaa kabisa.

Wengi wakitaka kumtambua buibui huanza na rangi. Kwa huyu, rangi ndiyo inayodanganya kuliko kitu kingine chochote. Mmoja ni wa kijivu cha mchanga, mwingine kahawia ya kahawa ya maziwa, na wa tatu amekoza hadi unaapa ni mweusi. Fuata mpangilio huu badala yake: kwanza mahali alipo, halafu utando, halafu mayai, na buibui mwenyewe awe wa mwisho.

Kabla hujaanza

Chukua tochi (ya simu inatosha), kijiti kirefu, glavu nene za kazi, na chupa ya kioo au kopo angavu la plastiki lenye mdomo mpana pamoja na kipande cha karatasi ngumu. Vaa viatu vya kufunika vidole. Watoto wakae mbali.

Saa nzuri ni usiku, kuanzia baada ya isha. Mchana mjane hujibanza kwenye kona ya maficho yake na unaambulia kuona miguu tu. Usiku hutoka na kuning'inia katikati ya utando, tumbo juu, mgongo chini, na kukuonyesha alama unayoitafuta bila wewe kumgusa.

Hatua ya kwanza: tazama mahali

Mjane wa kahawia anapenda upenyo mkavu, wenye kivuli, usioguswaguswa, na ulio jirani na wadudu. Kwa nyumba zetu maana yake ni chini ya viti na meza za plastiki, hasa pale mguu unapoungana na kikalio. Kwenye ukingo wa ndani wa ndoo na vyungu vya maua. Kwenye rundo la matofali ya saruji yaliyokaa yakingoja fedha za kumalizia ukuta. Chini ya mabati yaliyoegeshwa. Kwenye makumbi na vifuu vilivyorundikwa uani kwa ajili ya kuni, kwenye makuti ya zamani, kwenye magunia ya katani yaliyosahaulika stoo. Ndani ya sanduku la mita. Chini ya tandiko la baiskeli ambayo haijapandwa tangu mwezi uliopita. Choo cha nje nacho kikague, hasa chini ya kiti na nyuma ya mlango.

Chumbani, kitandani, juu ya dari iliyopakwa rangi? Ni nadra. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kutoka kusini mwa California, ambako buibui huyu ameingia kwa kasi, ulikagua mazingira ya nyumba nyingi: wajane walijaa nje na kwenye samani za uani, lakini sehemu za ndani wanamoishi watu hazikuwa na hata mmoja. Kwa hiyo ukiona buibui anakatiza sakafu ya sebule mbio, anza na dhana kwamba si yeye. Mjane jike hatembei ovyo. Tanga tunasema waja leo, waondoka leo. Huyu akishatandaza utando wake hana safari.

Hatua ya pili: jaribu utando

Usitarajie utando wa duara ulionyooshwa vizuri kama ule wa kwenye miti. Wa mjane ni vurugu: nyuzi zinakwenda huku na kule bila mpango, nyingine zimeshuka wima hadi chini zikiwa na gundi ya kunasia wadudu watembeao. Upande mmoja nyuzi huzidi kuwa nene hadi zinakuwa kama kijibanda, na humo ndimo mwenyewe anamolala mchana. Chini yake utakuta mabaki ya mlo, maganda ya mende, sisimizi na majongoo yaliyonyonywa yakabaki matupu.

Kipimo chenyewe kiko kwenye kijiti. Pitisha ncha yake taratibu kwenye nyuzi za pembeni. Utando wa buibui wa kawaida wa kwenye kona za dari, wale wenye miguu mirefu myembamba wanaotikisika ukiwapulizia, unanata na kukatika bila kelele. Wa mjane unavutika, unakataa, kisha unakatika kwa mlio mdogo wa kutatarika ambao unausikia kabisa kukiwa kimya. Ukiusikia, usisogeze mkono tena karibu na hapo mpaka umalize hatua zote.

Hatua ya tatu: tafuta mayai

Hapa ndipo hukumu inapotolewa. Kama ungeruhusiwa alama moja tu, chagua hii.

Kifuko cha mayai cha mjane wa kahawia ni kitufe cha mviringo chenye kipenyo cha kama sentimita 1, rangi ya krimu au manjano iliyofifia, na kimezungukwa pande zote na vijiti vifupi vya hariri vilivyochongoka. Ni shokishoki dogo lililopauka, limening'inia kwenye utando karibu na maficho ya mama yake. Mara nyingi halipo peke yake. Utaona viwili, vitatu, hata zaidi, kila kimoja na umri wake. Buibui wengine wa majumbani vifuko vyao ni laini, au ni vya pamba pamba, au ni bapa. Wajane wenzake weusi nao hutengeneza vifuko visivyo na miiba ya namna hii. Hivyo ukiona miiba, huna haja ya kubishana na jirani kuhusu rangi.

Kisogelee na tochi ukitazame vizuri. Kifuko kizima kisicho na tundu bado kina mzigo: ndani yake mna mayai mia na zaidi, na huchukua kama wiki 3 watoto kutoka. Kikiwa na tundu dogo la mviringo, wameshaondoka. Watoto hao hupanda mahali pa juu, huachia uzi, na upepo unawachukua. Ndiyo maana unaweza kusafisha uwanja wako ukang'aa, na baada ya mwezi ukakuta wapya wametokea kwa jirani.

Hatua ya nne: sasa mtazame mwenyewe

Jike ndiye wa kuzingatia. Mwili wake una urefu wa sentimita 1 au zaidi kidogo, na ukijumlisha miguu anafika sentimita 3 mpaka 4. Kichwa na kifua ni vidogo. Tumbo ni la duara, limejaa, linang'aa kidogo.

Anza na upande wa chini wa tumbo. Kuna alama ya pembetatu mbili zilizogusana kwa ncha, rangi ya chungwa au nyekundu inayoelekea chungwa. Kwa mjane mweusi alama hiyo ni nyekundu kali. Kwa huyu huwa imepoa, na kwa aliyekoza sana inaweza kuhitaji mwanga wa pembeni ili uione. Halafu mgongoni: mistari myeupe au ya krimu ya mshazari ubavuni, kila mmoja ukiishia kwenye doa jeusi la pembe nne, na katikati madoa ya rangi ya chungwa iliyofifia yenye ukingo mweupe. Halafu miguu: ina mapete, sehemu nyepesi ikifuatiwa na kiungo cheusi. Aliyezeeka akawa mweusi hupoteza michoro ya mgongoni, lakini alama ya tumboni na mapete ya miguuni ni vigumu kuyakosa yote mawili.

Ukimgusa kwa kijiti atajikunja miguu yote, atajiangusha chini na kubaki kama kijiwe. Amejifanya amekufa. Usimwokote.

Dume ni kitu kingine kabisa, kadogo, kembamba, unaweza kukaona ukadhani ni buibui mwingine. Hana madhara kwa binadamu. Maisha yake nayo ni mafupi: wakati wa kujamiiana dume la jamii hii hujirusha sarakasi likatua mdomoni mwa jike, na mara nyingi huliwa palepale. Ujane umeanzia hapo.

Wanaosingiziwa

Buibui bapa wa ukutani, ambaye kitaalamu ni Heteropoda venatoria, ana mstari mpana wa rangi nyepesi mbele ya uso, hatengenezi utando wa kunasia, na jike lake hubeba kifuko bapa cha mayai chini ya kifua kokote liendako. Akibanwa huuma na inauma, lakini yanaisha. Yule mkubwa wa kwenye miti na nyaya za umeme, mwenye utando mpana unaong'aa manjano juani, naye hana tatizo na mtu. Anatisha kwa ukubwa tu. Buibui wadogo wanaorukaruka dirishani, wenye macho makubwa mbele, waache watoto wawatazame.

Mmoja tu anahitaji maneno zaidi, na huyo ni wa mkoa wetu hasa. Kwenye Milima ya Usambara na maeneo ya chini yake wapo buibui wakubwa wenye manyoya wa aina ya Pterinochilus murinus, na wa Usambara wamepata jina duniani kwa rangi yao ya chungwa iliyokolea, kiasi kwamba wafugaji wa buibui wa Ulaya na Marekani wanamtaja kwa jina la milima yetu. Anaishi kwenye mashimo yaliyotandikwa hariri, kwenye visiki na mizizi. Huyu ni mkali: ukimchokoza huinua miguu ya mbele, huonyesha meno, na hapo hatanii. Kuumwa naye huleta maumivu makali, uvimbe, na kwa baadhi ya watu mkazo wa misuli unaorudi kwa siku kadhaa au hata wiki. Anayelima au kuchimba visiki upande wa Muheza, Korogwe na Lushoto asitie mkono shimoni. Lakini huyu humchanganyi na mjane: mmoja ana manyoya na anajaza mkono, mwingine ni kipara na anaenea kwenye sarafu.

Sumu inafanyaje kazi

Karibu buibui wote wana sumu. Ndiyo wanayoulia chakula. Kati ya aina zaidi ya 50,000 zilizokwisha kuorodheshwa duniani, ni chache mno ambazo meno yao na sumu yao vinatosha kumsumbua binadamu. Jamii ya mjane imo kwenye hizo chache kwa sababu ya protini moja iitwayo alfa-latrotoksini. Protini hii hujishikiza kwenye ncha za neva, hutoboa vijitundu, madini ya kalsiamu yanaingia kwa wingi, na neva inamwaga kwa mkupuo kemikali zote inazotumia kupeleka ujumbe. Misuli inapokea amri ya kukaza isiyokoma. Tezi za jasho nazo vivyo hivyo. Ukielewa hilo, dalili zote zinajieleza: mkazo, jasho, maumivu yanayotembea.

Maabara yanaonyesha kuwa sumu ya mjane wa kahawia si dhaifu. Kinachotuokoa ni kwamba huingiza kidogo, na kwa tabia ni mwoga. Mwaka 1993 daktari G. J. Müller wa Afrika Kusini alichapisha taarifa ya wagonjwa 45 walioumwa na wajane. 15 kati yao waliumwa na wa kahawia, na dalili zao zilikuwa nyepesi, maumivu yakibaki zaidi karibu na pale palipoumwa. Kwa hiyo heshima anastahili, hofu ya kuchoma nyumba hastahili.

Jambo moja lishike: sumu ya mjane haiozeshi nyama. Kidonda kinacholika na kutoa usaha chanzo chake ni kingine, mara nyingi ni jipu au bakteria, na kinataka matibabu yake.

Akikuuma

Mara nyingi mtu huumwa kwa kumbana: amekalia, amevaa, au ameshika. Unahisi kama umedungwa sindano, pengine usihisi kitu. Ndani ya saa moja maumivu yanapanda, ngozi inakuwa nyekundu, na pale palipoumwa panaweza kutoka jasho peke yake huku vinyweleo vimesimama. Jasho hilo la sehemu moja ni ishara nzuri ya utambuzi, mtajie daktari. Ikiwa ni mguuni unaweza kuhisi mtoki kinenani, ikiwa ni mkononi, kwapani.

Osha kwa maji na sabuni. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, ukiitoa na kuirudisha. Meza parasetamoli kwa kipimo cha umri. Usifunge kamba juu ya jeraha, usikaze bandeji, usichanje, usinyonye, usimwagie mafuta ya taa wala maji ya betri. Jiwe la nyoka liache kabatini.

Nenda hospitali bila kungoja asubuhi ikiwa maumivu yanapanda kuelekea tumbo, mgongo au kifua, tumbo linakuwa gumu, unatoka jasho jingi, unatapika, au moyo unakwenda mbio. Mtoto mdogo, mjamzito, mzee na mwenye shinikizo la damu wapelekwe hata kama dalili bado ni ndogo. Mjini ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Wa wilayani aanzie kituo cha karibu chenye daktari. Tiba kubwa ni dawa za maumivu na za kulegeza misuli, pamoja na kuangaliwa. Dawa ya kupambana na sumu ya wajane hutengenezwa Afrika Kusini na hutumika kwa wagonjwa waliozidiwa tu. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda kama yako imepitwa na muda. Ukiweza kumnasa buibui kwa kopo bila kuumwa mara ya pili, au kumpiga picha pamoja na vifuko vyake, nenda nayo.

Si kila upele ni buibui

Wakati wa mvua, pwani utasikia mtu akisema amekojolewa na buibui: ameamka na mchirizi mwekundu shingoni, unawaka moto, kesho yake una malengelenge. Buibui hana hatia hapo. Mhusika ni mdudu mwembamba mwenye pingili nyekundu na nyeusi, hafiki sentimita 1 au anaifikia kwa shida, anayefuata taa usiku. Haumi. Ukimponda kwenye ngozi anaachia kemikali iitwayo pederini, nayo ndiyo inayounguza, na hujitokeza baada ya kama siku moja. Akikutua, mpulize aondoke, kisha osha kwa sabuni. Malengelenge yanayofuata mstari upande mmoja wa mwili na kuuma kwa ndani ni jambo jingine tena, huenda ni mkanda wa jeshi, na dawa yake hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku 3 tangu upele utokee. Kungoja huku unapaka dawa za buibui kunakula muda huo.

Kumwondoa

Dawa ya kopo ya kupuliza inamuua buibui ikimpata moja kwa moja. Iliyotua ukutani haimsumbui sana, na kifuko cha mayai haikipenyi vizuri. Kwa hiyo fanya kazi kwa mkono, ukiwa na glavu. Mfunike buibui kwa kopo, telezesha karatasi ngumu chini yake, au mponde kwa kiatu kama huna moyo wa kumhamisha. Vifuko ving'oe kwa kijiti kimoja baada ya kingine, vitumbukize kwenye maji ya sabuni na uvizamishe hadi vilowe ndani, au vichome. Kuacha vifuko baada ya kuua mama ni kazi bure.

Kisha ondoa sababu iliyomleta. Viti vya plastiki vipindue na kuvipiga ufagio mgumu kila wiki. Makumbi yasisogezwe ukutani mwa nyumba. Matofali yachukuliwe kwa glavu, la juu kwanza. Taa ya nje inayovuta wadudu usiku kucha inavuta pia wanaowala; izime inapokuwa haina kazi. Helmeti ya bodaboda iliyolala juu ya ukuta, gambuti zilizokaa stoo, glavu zenyewe za bustani: kung'uta kabla ya kuvaa, kila mara. Na kwa kuwa mayai uliyoyakosa yanaanguliwa kwa kama wiki 3, weka alama kwenye kalenda na urudi na tochi kwenye maeneo yaleyale mara mwezi unapokaribia kwisha, ukianzia chini ya kile kiti ulichomkuta.